Kisigino kinauma? Jiulize kwanza kinauma saa ngapi na kinauma wapi hasa

Mi ni kinyozi. Nasimama kwenye vigae kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumamosi hata saa nne, na miaka yote hiyo kiatu changu cha kazi kilikuwa ndala. Sasa mwaka juzi nikaanza kuamka asubuhi, nikitua mguu chini nasikia kama nimekanyaga msumari, kisigino cha kulia, natoka kitandani mpaka chooni nimeshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Cha ajabu nikishafika chooni na kurudi yanapungua, chai ikichemka nimeshasahau, nasema ah nililala vibaya tu. Kesho yake tena. Nikaenda hivyo miezi minne, nameza diklofenaki za duka la dawa hapo kona, mteja mmoja akaniambia hiyo gauti kaka acha nyama, nikaacha nyama wiki tatu nzima, ikawa kisigino kinauma na nyama sili.

Mwisho nikapiga picha. Nikaonyeshwa kwenye eksirei kimfupa kimechomoza chini ya kisigino kama mwiba wa samaki, nikaambiwa mfupa umeota, huo ndo unaokuchoma, nikachomwa sindano ya kisigino (sitaisahau ile sindano) nikakaa raha kama mwezi hivi halafu ikarudi vilevile. Aliyenitoa ni dada mmoja wa fizio (wale wa tiba ya mazoezi), na yeye ile picha hata hakuitoa kwenye bahasha. Aliniuliza vitu viwili tu. "Kaka, kinauma zaidi saa ngapi? Haya, sasa weka kidole kimoja pale panapouma, sio kiganja, kidole kimoja."

Basi na we anza hapo hapo. Saa ngapi, na kidole kimoja. Visigino havifanani, na dawa ya huyu inaweza kumharibu yule, kwa hiyo usinakili tu alichofanya jirani.

KABLA YA YOTE WASHA TOCHI YA SIMU

Nimeona mtu anaumwa kisigino wiki mbili, anachuliwa na mafuta kila usiku, kumbe kuna mwiba umeingia na ngozi imefunga juu. Kaa, pandisha mguu, mulika, au mwambie mtu akumulikie. Ukiona mpasuko mrefu pembeni ya kisigino unaochimba mpaka kwenye nyama na ukikanyaga unafunguka, hayo ni magaga tu na maumivu yanatoka kwenye ngozi. Loweka maji ya uvuguvugu dakika 10 hivi, sugua taratibu, usikate kwa wembe nakuomba, kausha, paka mafuta ya mgando mazito au krimu yenye yurea halafu vaa soksi ulale. Wiki mbili tatu kila usiku utaona.

Ukiona kinundu kigumu chenye vidoa vidogo vyeusi ndani, ukikibana kwa pembeni ndo kinauma kuliko ukikibonyeza kwa juu, hiyo ni chunjua. Kikiwa cheupe chenye nukta moja nyeusi katikati na kinawasha, na unakaa au umetoka sehemu yenye vumbi na mifugo, hiyo tekenya, nenda zahanati wakutoe kwa kifaa safi, ile ya sindano moja ya kushonea kuzunguka nyumba nzima ndo inayoleta vidonda na pepopunda. Kama ngozi iko sawa kabisa endelea chini.

HATUA ZA KWANZA ASUBUHI NDO MBAYA, KIDOLE KINAENDA CHINI, UPANDE WA NDANI KIDOGO

Huu ndo ugonjwa wangu, na ndo wa watu wengi zaidi kati ya wote wanaolia visigino, hasa umri wa miaka 40 mpaka 60, wanaosimama kutwa, walioongezeka uzito, wajawazito, na wale walioamua ghafla kukimbia kila asubuhi baada ya miaka kumi ya kukaa. Hospitali wanauita planta fasiaitisi.

Iko hivi. Chini ya wayo kuna ukanda mgumu, mweupe, kama ule mshipa wa nyama ambao hata kisu kinakataa, umeanzia kwenye mfupa wa kisigino ukatanuka mpaka kwenye mizizi ya vidole, na ndo unaoshikilia ule upinde wa mguu usilale chini. Kila hatua unavutwa. Ukisimama masaa kumi na moja kwenye kigae na ndala nyembamba unavutwa kutwa, pale ulipojishikiza kwenye kisigino panaanza kuchakaa. Usiku ukilala vidole vinaelekea chini, ukanda unajikunja, unapumzika ukiwa mfupi. Asubuhi unatua na kilo zako 80 kwa mpigo mmoja, unavutwa ghafla, ndo ule msumari. Ukitembea kidogo unalainika, jioni ukiuchosha unarudi. Ndo maana pia ukikaa muda mrefu kwenye daladala au msibani, ukiinuka tu unachechemea.

Zamani ilichukuliwa ni uvimbe tu. Siku hizi wataalamu wengi wanaona ni kuchakaa zaidi kuliko kuvimba, na hiyo ndo sababu vidonge vinatuliza kidogo halafu basi, we unadhani dawa feki, kumbe dawa haina kazi kubwa ya kufanya pale.

Na ule mfupa ulioota? Usikuvuruge kichwa. Kuna watu kibao wanatembea na kimfupa hicho na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na kuna wanaolia asubuhi na picha yao safi kabisa. Hautolewi ili upone.

Sasa cha kufanya, na nakwambia kwa mpangilio wa kilichonisaidia.

La kwanza kabisa ni kabla mguu haujagusa sakafu. Kaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaouma uweke juu ya goti la mwenzake, shika vidole vyote vitano uvute vije upande wa ugoko mpaka usikie chini ya wayo pamekaza, papase kwa kidole gumba cha mkono wa pili, utaukuta ukanda umesimama kama kamba ya kuanikia nguo. Hesabu mpaka 10. Achia. Mara 10. Kama kitambi hakikuruhusu, na mi kilikuwa hakiniruhusu, pitisha khanga kwenye vidole uvute nayo. Fanya mara 3 kwa siku, lakini ile ya kabla ya hatua ya kwanza usiiruke, hata mkojo ukiwa umebana. Siku nilizoruka nilijua ndani ya sekunde moja.

La pili, shavu la mguu. Likikaza linavuta kisigino kwa nyuma na ukanda unaumia kwa chini. Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kisiinuke, egemea mbele mpaka usikie shavu limevutika, kaa hapo sekunde 30. Halafu rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Mi nafanya kati ya mteja na mteja, wateja washazoea.

La tatu kiatu. Hapa ndo watu wanabisha sana. Ndala, malapa, vile viraba vya kitambaa vya soli ya karatasi, viatu vya kike vilivyo bapa kabisa, vyote hivyo mguu unafanya kazi peke yake. Ukienda mtumbani shika raba mbele na nyuma uikamue kama unakamua nguo, ikijisokota yote rudisha. Ikunje, inatakiwa ikunjike kwenye vidole, ikikunjika katikati rudisha. Igeuze uone kisigino, kama mwenye nacho wa kwanza amekila upande mmoja basi kitakulaza upande huohuo. Unataka soli nene, nyuma pameinuka kidogo kuliko mbele, na kitu kinachoshika kisigino. Kama nyumbani kuna vigae au tarazo weka kandambili nene pembeni ya kitanda uzivae hizohizo kwenda chooni, peku uache kwa muda. Mi pale kazini nililaza kapeti ya mpira kuzunguka kiti, na kigoda cha kupandisha mguu mmoja mmoja. Bosi wangu alicheka. Sasa na yeye anasimama hapo.

Barafu jioni inatuliza, chupa ya nusu lita igande, vaa soksi, uiviringishe chini ya wayo dakika 10 au 15. Raha yake haielezeki kwa kweli, ila peke yake haiponyeshi.

Na la mwisho, ambalo nilichelewa kulijua, ni kuupa mguu nguvu. Kunja taulo, iweke kwenye ngazi chini ya vidole ili vidole viinuke, kisigino kibaki hewani, shika ukuta. Panda kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka sekunde 3. Taratibu kabisa. Mara 12 hivi, pumzika, rudia. Anza na miguu yote miwili, ukizoea mguu mmoja, ukizoea zaidi vaa begi lenye vitabu. Siku moja unafanya, siku moja unaacha, usifanye kila siku kwa pupa. Maumivu kidogo wakati unafanya sio mbaya, ila kama kesho yake asubuhi umeamka vibaya kuliko jana, ulizidisha.

Muda sasa, maana hapa ndo watu wanakata tamaa. Sio kitu cha wiki moja. Wengi sana wanapona bila kupasuliwa ila ni hesabu ya miezi 6 mpaka mwaka, mi ilinichukua miezi saba, nafuu ya kweli niliiona kama wiki ya sita. Ukiacha mazoezi wiki ya pili kwa sababu "hayafanyi kazi" unaanza upya.

Vidonge: ibuprofeni au diklofenaki siku chache ukizidiwa sawa, ila kama una vidonda vya tumbo, presha, figo au ujauzito usijinunulie. Sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) inatuliza kweli, wiki kadhaa, lakini ikirudiwa rudiwa ukanda unaweza kuchanika na yale mafuta ya kisigino yakapungua, ukahama kutoka tatizo hili ukaingia lile linalofuata hapa chini. Maji ya moto na chumvi hayana shida kama hauna sukari. Bibi yangu yeye aliniambia nikanyage tofali lililopashwa kwenye moto, nilimheshimu lakini sikukanyaga.

KIDOLE KINAENDA KATIKATI KABISA YA KISIGINO

Hapa asubuhi sio mbaya kivile, mbaya ni ukitembea peku sehemu ngumu, unasikia kama umechubuka ndani, kama unakanyaga kokoto iliyo chini ya ngozi. Ukibonyeza katikati kwa kidole gumba ndo penyewe. Kisigino kina mto wake wa mafuta, mnene, wa kupokea vishindo, na kwa umri mto unakonda, kwa wengine unapondeka baada ya kuruka kutoka juu, mfano kwenye lori. Kuvuta vidole hapa hakusaidii sana. Dawa ni mto wa kuazima, soli laini, vile vikombe vya silikoni vya kuweka ndani ya kiatu kwenye kisigino, na kuacha peku. Sindano hapa kaa nayo mbali.

NYUMA, PALE KIATU KINAPOGUSA

Ukipapasa nyuma ya mguu kuna kano nene kutoka kwenye shavu mpaka kisigino, kano ya Akilesi. Ikiuma sentimita chache juu ya kisigino na asubuhi imekakamaa, fanya ile ya kupanda na kushuka kwenye ngazi, taratibu, bila taulo. Lakini ikiuma palepale inapojishikiza kwenye mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, fanyia chini sakafuni, maana ukishusha unaiponda kano kwenye mfupa, na nimeona watu wanajiumiza kwa zoezi zuri lililofanywa mahali sio pake. Kukiwa na kinundu na wekundu angalia nyuma ya kiatu, viatu vya shule na vya ofisi vipya vyenye ukingo mgumu ndo wachawi wenyewe. Vaa vya wazi nyuma kwa muda.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayeliuliza: umemeza sipro karibuni? Siprofloksasini, ile tunayopewa kwa taifodi au yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), inajulikana kuweza kuumiza kano, hasa hii ya Akilesi, zaidi kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi. Kano ikianza kuuma ukiwa kwenye dozi usisubiri imalizike, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie.

Na kama ulikuwa unacheza mpira ukasikia pa!, ukageuka kumtafuta aliyekupiga teke nyuma ukakuta hakuna mtu, na sasa huwezi kusimamia vidole vya mguu huo, kano imekatika. Hiyo hospitali leo.

KUNAWAKA MOTO, KUNA GANZI, KUNACHOMACHOMA

Kwa kawaida ukanda hauwaki moto wala hautii ganzi. Hivyo vinatoka kwenye mshipa wa fahamu. Mmoja unapita ndani ya kifundo cha mguu, nyuma ya lile fundo la ndani, ukibanwa pale ukilipiga-piga kwa kidole unasikia kama shoti kuelekea wayoni. Ila kama ni miguu yote, ganzi imeanzia vidoleni inapanda, pima sukari kabla ya kitu kingine. Na kama tayari una sukari, hakuna cha maji ya moto, hakuna chupa ya barafu, hakuna peku, maana unaweza kuungua au kuchomwa usijue, kila usiku kagua nyayo kwa macho. Kidonda cha kisigino kwa mtu wa sukari hakisubiri wikiendi iishe.

KADIRI UNAVYOTEMBEA NDO KINAZIDI

Wa ukanda akitembea anapata nafuu mwanzoni. We ukitembea kinazidi, ukipumzika kinapoa, na kilianza baada ya kuongeza mbio, mafunzo ya depo jeshini, au safari ndefu ya miguu. Bana kisigino kwa viganja viwili kutoka pembeni, kulia na kushoto, kama unabana embe kuona limeiva. Ukiruka kwa maumivu, kunaweza kuwa na ufa mdogo kwenye mfupa. Usijinyooshe, usikimbie, nenda hospitali. Na ujue eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima kabisa, kwa hiyo ukiambiwa picha safi na bado hukanyagi, rudi baada ya wiki mbili tatu, usinyamaze.

VISIGINO VYOTE VIWILI NA MGONGO ASUBUHI UMEKAKAMAA

Kijana chini ya miaka 40, visigino vyote, mgongo wa chini asubuhi mgumu zaidi ya nusu saa na unalegea ukifanya kazi, au macho yalishawahi kuwa mekundu na kuuma, au ilianza wiki chache baada ya kuharisha vibaya au ugonjwa wa zinaa (hilo la mwisho daktari mwambie, hakuna anayekusema). Huo unaweza kuwa ugonjwa wa uvimbe wa viungo, ni wa mwili mzima ila unajionyesha kwenye visigino, una vipimo vyake na dawa zake, kubadilisha viatu hakutoshi.

MTOTO WA MPIRA

Ana miaka 8 mpaka 14, anacheza kila jioni, anarudi anatembelea vidole. Mbane kisigino pembeni vilevile, atapiga kelele. Mara nyingi ni pale mfupa unapokua, bado ni laini na kano inauvuta, hasa kipindi anarefuka haraka. Hajidai. Punguza mpira wiki kadhaa, barafu baada ya kucheza, kiatu chenye mto kwenye kisigino badala ya njumu ngumu, anyooshe mashavu ya miguu. Ukuaji ukifunga pale linaisha lenyewe. Ila homa, uvimbe, au maumivu ya kumwamsha usiku, huyo apelekwe, asipakwe mafuta.

Na kwa mtu mzima ni hivyohivyo: homa na kisigino chekundu cha moto, kushindwa kabisa kukanyaga baada ya kuanguka, maumivu yanayokuamsha usiku umelala, au umefanya mazoezi kwa uaminifu wiki 6 na hakuna hata robo ya nafuu. Ukienda, nenda na viatu unavyovaa kila siku, vilevile vilivyochoka, sio vya kanisani wala vya Idi. Yule dada wa fizio alizigeuza ndala zangu akazitazama chini, ya kulia ilikuwa na tundu palepale nilipoweka kidole.